Mteja hajalipa: uandike due, outstanding, overdue au arrears?

Aliyewahi kutumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio lisipotosha, amekwisha kuyasoma mawili kati ya maneno haya manne, pengine mara nyingi kuliko alivyopenda. Meseji ikiingia hutaja kwanza "outstanding amount", halafu "due on" na tarehe. Wengi hutazama tarakimu tu, wakaifunga simu. Lakini ikifika zamu ya fundi au nahodha huyo huyo kudai chake, naye mteja yuko Nairobi au London, hapo ndipo anapohangaika: neno gani litasema ukweli bila kumvunjia mtu heshima, na bila kumwachia mlango wa kutorokea?

Nawafikiria hasa mafundi wa Lamu. Kazi zao nyingi za pesa nzuri huendeshwa kwa barua pepe: milango ya nakshi ya nyumba zinazokarabatiwa Shela, vitanda na viti vya hoteli, boti za kukodi kwa wageni wa Desemba. Malindi nako wako wenye nyumba za kupangisha, wauza samaki wanaopeleka mikahawani, na madereva wenye mikataba na hoteli. Wote hao huuza kwanza, hulipwa baadaye. Wakifungua kamusi, maneno yote manne yanaelekea pamoja upande wa "deni" na "kudaiwa", na kamusi haikosei. Kisichoonekana pale ni kwamba kila neno linashika kipande chake cha kalenda.

Nitoe hukumu yangu mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kama pesa haijalipwa, na hutaki kumlaumu mtu, andika "outstanding". Kama unataka kutaja siku ya kulipa, andika "due". Kama siku hiyo imepita na unaweza kuithibitisha, andika "overdue". Kama malipo yalikuwa ya awamu na mtu ameruka awamu moja au zaidi, andika "arrears". Neno lichaguliwe kwa kutazama tarehe. Hasira isipewe kalamu.

Nianze na "outstanding", maana ndilo lenye matatizo mengi. Shuleni tulilijua kwa sifa. Mwanafunzi bora ni "outstanding student", na aliyeandikiwa hivyo kwenye ripoti alikimbia nayo nyumbani. Katika biashara neno hilo hilo linasema jambo limebaki wazi, halijamalizwa: pesa haijalipwa, kazi haijakwisha, suala halijajibiwa. Zote mbili ni maana halali, na Mwingereza hutumia zote katika siku moja bila kuchanganyikiwa. Anayechanganyikiwa ni sisi tuliofundishwa moja tu.

Tuseme meneja wa hoteli anaandika hivi kwa karakana moja ya Langoni, mtaa wa Lamu: "Please send us a list of outstanding work on the two doors before Friday." Kijana anayeshika simu ya karakana anaisoma mbele ya mwenye karakana.

"Ami, wametusifu. Wanataka orodha ya kazi nzuri tulizofanya kwenye ile milango miwili."

"Mwanangu, soma tena polepole. Mtu akikusifu atakutaka orodha ya nini?"

Ami hana Kiingereza kingi, ila ana akili ya kazi. Anachoulizwa ni kilichobaki: komeo la mlango wa pili halijafungwa, bawaba moja inalia, mafuta hayajapakwa upande wa ndani. Kijana angetuma picha za nakshi na maua ya fremu, meneja angeona karakana inamkwepa, na malipo ya mwisho yangekawia kwa sababu ya neno moja. Sasa tazama sentensi nyingine: "Thank you for the outstanding work on the two doors." Hapa ni sifa tupu, na mtu ana haki ya kufurahi. Maneno "outstanding work" ni yale yale kabisa. Kilichobadilika ni kilichoyazunguka: shukrani upande huu, orodha na siku ya mwisho upande ule.

Njia ninayoiamini ya kupambanua ni kujaribu kuweka neno jingine mahali pake. Weka "excellent". Sentensi ikisimama na maana ikaeleweka, ni sifa. Ikipinda, weka "unpaid" kama inazungumza pesa, au "unfinished" kama inazungumza kazi. "Excellent balance" haina maana, "unpaid balance" ina maana, kwa hiyo "outstanding balance" ni deni. Zipo dalili nyingine. Likifuatana na "amount", "balance", "invoice", "payment" au "loan", ni deni karibu kila mara. Likitanguliwa na "still" au "remains", mashaka yamekwisha: "The payment is still outstanding" haijawahi kuwa sifa kwa mtu yeyote. Benki nayo ina "outstanding cheque", yaani hundi uliyoiandika na kumpa mtu, lakini hajaipeleka benki, hivyo pesa ingali inaonekana kwenye akaunti yako ingawa si yako tena. Katika makampuni "outstanding shares" ni hisa zilizokwisha kutolewa na ziko mikononi mwa wenye hisa. Kote huko wazo ni lile la kitu kilicho nje, hakijarudi kufungwa.

Jambo ninalolipenda katika neno hili ni kwamba halimhukumu mtu. Mteja aliyepokea mlango jana na ana mwezi mzima wa kulipa, deni lake ni "outstanding". Mteja aliyekukwepa tangu Idi mbili zilizopita, deni lake ni "outstanding" vilevile. Kwa sababu hiyo ndilo neno la adabu la kuanza nalo, na pia ndilo neno dhaifu la kuendelea nalo. Ukimwandikia mtu mara tatu kwamba pesa ni "outstanding", umemwambia mara tatu jambo ambalo yeye analijua na wala halimbani.

Linalobana ni "due". Neno hili lina siku ndani yake. "Payment is due on 5 March" maana yake tarehe 5 Machi ndiyo siku ya haki, kabla yake huwezi kumsumbua, baada yake anakuwa amechelewa. Linakwenda na viambatanishi vyake, na hapa wengi wetu huteleza. Husema "due on" ukitaja siku yenyewe, "due in" ukitaja muda kama "due in 30 days", na "due to" ukitaja mtu anayestahili kulipwa, kama "KSh 90,000 is due to the carpenter". Hiyo "due to" ya mwisho usiichanganye na ile ya "kwa sababu ya", maana mteja naye atakuandikia "the delay is due to the bank", akieleza kwa nini hajalipa, wala hasemi benki inadai kitu.

Kwenye bili za umeme na maji utakuta "amount due". Hapo neno limelegea kidogo, linasema tu kiasi unachotakiwa kulipa, na tarehe huandikwa pembeni peke yake kama "due date". Ukitengeneza invoisi yako, fuata mtindo huo huo wa kutenganisha: kiasi mahali pake, tarehe mahali pake. Wapo wanaoandika "due on receipt", yaani ulipe mara uipokeapo, na wapo wanaoandika "net 30", siku thelathini kuanzia tarehe ya invoisi. Mimi humshauri fundi aandike tarehe kamili. "Net 30" huwaacha watu wakibishana siku zinaanza kuhesabiwa lini, invoisi ilipoandikwa au mlango uliposhushwa kwenye gati. Tarehe 5 Machi ni tarehe 5 Machi kwa kila mtu.

Kuna usemi mmoja wa kutahadhari nao: "in due course". Meneja akikujibu "We will process your payment in due course", una neno "due" mbele yako lakini hakuna siku. Amekuambia wakati wake ukifika. Wakati upi? Hajasema. Mjibu siku hiyo hiyo, kwa upole, umuulize tarehe: "Thank you. May I know the date, please?" Swali hilo fupi linampa nafasi ya kutaja siku mwenyewe, na siku aliyoitaja kwa mkono wake ina nguvu kuliko uliyomtajia wewe.

Sasa tulichukue deni moja tulitembeze, maana maneno haya hukaa kichwani vizuri yakipewa pesa na siku. Mlango wa nakshi umeuzwa kwa shilingi 180,000. Mteja ametoa arubuni ya 90,000 wakati wa kuagiza. Mlango umefika kwake na invoisi ya nusu iliyobaki imeandikwa tarehe 3 Februari 2026, ikitaja kwamba ilipwe tarehe 5 Machi.

Tarehe 10 Februari, shilingi 90,000 ni "outstanding". Si "overdue", na ukiandika "overdue" umemsingizia. Unaweza kusema itakuwa "due" tarehe 5 Machi. Tarehe 5 Machi yenyewe, pesa ni "due" leo. Bado hajakosa, ana mpaka jioni. Tarehe 6 Machi asubuhi, kama hajalipa, imekuwa "overdue", na bado ni "outstanding" pia, maana haijalipwa. Tarehe 12 Machi anatuma 40,000. Zilizobaki 50,000 ni "outstanding" na ni "overdue" kwa pamoja. Utaona kwamba kila "overdue" ni "outstanding", lakini si kila "outstanding" ni "overdue".

Geuza masharti kidogo. Badala ya siku moja, mmekubaliana alipe hizo 90,000 kwa awamu tatu za 30,000, mwisho wa Machi, Aprili na Mei. Machi amelipa, Aprili amekaa kimya. Tarehe 10 Mei unaandika nini? Deni lote lililobaki, yaani "outstanding", ni 60,000. Lakini lililochelewa ni 30,000 tu, ile ya Aprili, na hilo ndilo "arrears" yake. Ile 30,000 ya Mei haijafika siku yake, hivyo haiko "due". Mtu akiandika kwamba mteja ana "arrears of KSh 60,000" amemzidishia kosa mara mbili, na mteja mjuzi ataishika hesabu hiyo mbovu na kuacha kujibu hoja yenyewe.

Kwa hiyo "arrears" ni malimbikizo: malipo ya zamu kwa zamu ambayo zamu zake zimerukwa. Kodi ya nyumba, karo, mishahara, mkopo wa awamu. Mwenye vyumba vya kupangisha Malindi anayetoza shilingi 12,000 kila tarehe 5, mpangaji asipolipa miezi miwili, anadai "rent arrears of KSh 24,000". Kwa mlango mmoja uliouzwa kwa malipo ya siku moja, "arrears" halifai, hata mteja akichelewa mwaka. Na huandikwa na "s" mwishoni daima. Ukiona "arrear" peke yake kwenye barua, mwandishi amekosea au ameandika kwa mtindo wa kale.

Lina maana ya pili ambayo imewatia watu wengi wasiwasi bure. Mfanyakazi mpya wa hoteli akisoma kwenye mkataba "salaries are paid monthly in arrears" anaweza kudhani mwajiri anakiri kwamba hucheleweshea watu mishahara. Hapana. Maana yake unafanya kazi mwezi mzima kwanza, mshahara unalipwa mwisho wake. Kinyume chake ni "in advance", kulipa kabla, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka kodi. Kwenye mkataba, "paid in arrears" ni utaratibu. Kwenye barua ya kudai, "you are in arrears" ni lawama. Angalia nani anasema na anazungumza kuhusu nini.

Narudi kwenye "overdue", kwa kuwa ndilo neno watu hulikimbilia mapema mno. Linasema jambo moja zito: siku ilikuwapo, sote tuliijua, imepita. Likikosa msingi huo linageuka tusi. Fundi mwingi wa kwetu hufanya kazi kwa neno la mdomo, mteja anasema "nitakumalizia nikirudi", fundi anakubali. Akirudi Agosti badala ya Aprili, je, amechelewa? Kwa moyo wako, ndiyo. Kwa karatasi, hakuna siku iliyowekwa, na ukimwandikia "overdue" atauliza tangu lini, nawe huna la kuonyesha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Lamu, Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe. Huo muda maalumu ndio "due date". Hatujaletewa jambo jipya na Kiingereza hapa. Wazo ni letu tangu zamani, tumeliacha tu kwenye vibaraza tukafanya kazi kwa kuaminiana na watu tusiowajua kwao.

Ukiwa na tarehe, "overdue" linakuwa neno la nguvu, na nguvu yake huongezeka ukiliambatanisha na idadi ya siku. "Your invoice is overdue" ni malalamiko. "Your invoice is 30 days overdue" ni taarifa isiyojadilika. Wamarekani hupenda kuandika "past due" kwa maana hiyo hiyo, kwa hiyo ukipokea invoisi ya kampuni ya Marekani yenye maandishi hayo, ujue unaambiwa umechelewa. Usije ukaona "due" ukadhani bado una siku. Ipo pia "long overdue", ambayo mara nyingi haihusu pesa kabisa. Rafiki akikuandikia kwamba ziara yake Lamu ni "long overdue", anasema alipaswa kuja zamani.

Maneno mengine ya jirani nitayapitia haraka. "Pending" ni jambo linalosubiri hatua, kwa mfano malipo yametumwa lakini benki haijayakamilisha. Mteja akisema pesa iko "pending", anadai ameshaituma, basi muombe uthibitisho. "Balance" ni kilichobaki, lakini kwenye akaunti ya benki ni pesa uliyonayo na kwenye invoisi ni pesa unayodai, hivyo kwenye barua liunge na mwenzake, "balance outstanding", lisimame wazi. "Default" ni kushindwa kutimiza mkataba, nalo ni neno la mawakili na mabenki. Muuza samaki wa Malindi anayedai mkahawa shilingi 15,000 halihitaji.

Barua zenyewe ningeziandika hivi, kwa mfano ule ule wa mlango. Siku chache kabla ya tarehe, yatosha sentensi moja: "A kind reminder that KSh 90,000 is due on 5 March 2026." Hakuna anayeweza kukasirika kwa hilo, na mteja mwenye mambo mengi hukushukuru. Siku tano sita baada ya tarehe kupita: "Invoice no. 14 for KSh 90,000 is still outstanding. It was due on 5 March." Hapa umeshika "outstanding" ya upole lakini umeibebesha tarehe, na "was due" inamwambia amechelewa bila wewe kulitamka neno lenyewe. Naona hii ndiyo barua bora kuliko zote tatu, na pengine ndiyo inayofaa kurudiwa mara mbili kabla ya kupanda ngazi. Halafu, kama amelipa 40,000 akanyamaza, tarehe 4 Aprili: "KSh 50,000 on invoice no. 14 is now 30 days overdue. Please pay by 14 April."

Hiyo "by" iangalie vizuri. Kiswahili chetu kinasema "lipa hadi tarehe 14", na wengi huigeuza kuwa "please pay until 14 April". Kwa Kiingereza "until" ni jambo linaloendelea mfululizo mpaka siku hiyo, kama vile mteja atalipa kila siku bila kupumzika hadi tarehe 14. Mwisho wa muda wa kufanya tendo moja ni "by". Ukitaka kusema duka liko wazi hadi saa kumi na mbili, hapo ndipo "until" inapokaa.

Namba ya invoisi isikosekane. Hoteli zina daftari za wauzaji wengi, na karani wa hesabu akiona namba anaifungua karatasi yako papo hapo. Asipoiona, barua yako inalala mpaka apate nafasi ya kutafuta. Huenda ukaombwa pia "statement", yaani orodha ya invoisi zako zote na malipo yaliyoingia, na wahasibu huigawa kwa umri wa deni: ambazo hazijafika siku, za siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zilizozidi hapo. Jumla ya mafungu yote ni "outstanding". Fungu la kwanza ukiliondoa, yaliyobaki yote ni "overdue". Ukielewa mgawanyo huo mmoja umeelewa sehemu kubwa ya makala haya.

Lamu kuna jambo la msimu pia, na haki ni kulikumbuka. Hoteli nyingi hupungukiwa na wageni kuanzia Aprili mvua za masika zikianza, na baadhi hufunga kabisa Mei na Juni. Tarehe ya kulipa inayoangukia Mei ni tarehe unayojitafutia nayo "overdue". Weka siku ya malipo Januari au Februari, pesa za Krismasi zikiwa bado zipo, au mwisho wa Agosti. Mteja mwema hukwama kwa sababu ya tarehe mbaya, na wewe unalazimika kumwandikia neno ambalo hakulistahili.

Malindi kuna hali nyingine. Wateja wengi wenye nyumba na mikahawa ni Waitaliano, na Kiingereza ni lugha ya ugeni kwao kama ilivyo kwetu. Kwa mteja wa namna hiyo ningeliacha "outstanding" kabisa. Akiipitisha barua yako kwenye programu ya kutafsiri, neno linaweza kumtokea kama sifa, naye akakujibu ahsante. Mwandikie "unpaid", neno jepesi lenye maana moja tu: "Invoice no. 14 is unpaid. It was due on 5 March." "Arrears" nalo ni gumu kwa mgeni wa lugha. Afadhali kuandika "You have not paid for April and May". Wanaojua Kiingereza vizuri hawatakudharau kwa unyoofu huo. Mimi huona barua nyingi za kudai zinaharibika kwa kupambwa kuliko kwa uchache wa msamiati.

Na kwa mteja Mswahili, jirani, mtu mnayesali safu moja Ijumaa, Kiingereza cha nini? Barua ya Kiingereza kwa mtu wa Mkomani, mtaa mwingine wa Lamu, humwambia kwamba umeshamfikisha kwa wakili. Mwandikie au mwendee: "Bwana, lile salio la mlango, tulisema tarehe tano, nami nimekwama." Tarehe imo, deni limo, na heshima imo. Akiwa na dhiki ya kweli atakuambia, mtapanga siku nyingine, nayo muiandike.

Mambo yakifika pabaya, sheria ya Kenya inahesabu kwa tarehe hizo hizo. Madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6 ya kupelekwa mahakamani tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na haki hiyo kwa kawaida huzaliwa siku ya kulipa inapopita bila malipo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Atakaloulizwa fundi pale ni karatasi: invoisi iko wapi, ilitaja siku gani, ulimkumbusha lini na kwa maneno gani. Barua aliyoandika "overdue" tarehe 10 Februari, kwa pesa ya tarehe 5 Machi, itasomwa pia, na haitamsaidia.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye invoisi, chini ya jumla, mahali ambapo vitabu vingi vya invoisi vinavyouzwa madukani havikuweka mstari. Andika kwa mkono kama hakuna nafasi: "Balance due on 5 March 2026." Mwombe mteja aweke sahihi pembeni yake, au uipige picha invoisi hiyo umtumie kwa WhatsApp na usubiri ajibu.